Habari za Picha za Miambani katika Nchi ya Irangi

Msafiri aondokaye Gehandu, iwe ile ya Mbulu au ile ya Hanang, hufika kwanza Babati, kisha hushika barabara kuu iendayo kusini. Kabla ya kuufikia mji wa Kondoa atakuta kijiji cha Kolo. Hapo ndipo penye vilima vya Irangi, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mawe makubwa yamesimama juu ya vilima hivyo, mengine yameegemeana, na chini yake mna mapango yasiyo na kina, mahali pa kujikinga mvua na jua. Katika kuta za mapango hayo mna picha zilizochorwa na watu wa kale: tembo, twiga, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya namna ya ajabu.

Mgeni akiziona huuliza mara moja, “Je, zina umri wa miaka mingapi?” Swali hilo ni jema, nasi tutalijibu kadiri iwezekanavyo. Lakini liko jingine ambalo kwa maoni yetu ni kubwa zaidi: Ni nani aliyezitunza hata leo, na ni nani atakayezitunza kesho?

Kwanza na tuzitazame picha zenyewe. Zimegawanyika mafungu mawili makubwa, nyekundu na nyeupe. Nyekundu zilichorwa kwa udongo wenye chuma uliosagwa, na mistari yake ni myembamba sana, hata yaonekana wazi kwamba mchoraji alitumia kitu kama brashi. Wanyama wa mwitu ndio wengi, nao wamechorwa na mtu aliyewajua vizuri: shingo ya twiga na mgongo wa pofu havikukosewa. Nyeupe ni za baadaye. Hizo zilipakwa kwa kidole, ni nene, nazo huonyesha wanyama kama mijusi, na alama nyingine, kama miduara na mistari, ambazo maana yake haisomeki kwa macho tu. Mara nyingi picha nyeupe zimepakwa juu ya nyekundu. Basi mwamba mmoja ni kama kitabu kilichoandikwa na mikono mingi, na aliyekuja nyuma hakung'oa ukurasa wa aliyemtangulia, bali aliandika juu yake.

Jambo hili halitamshangaza mtu ayajuaye makabila ya nchi hii. Kati ya Mbulu, Hanang na Kondoa lugha za asili nne zimekutana. Wairaqw, Wagorowa, Waalagwa na Waburunge husema lugha za Kikushi. Wadatoga husema lugha ya Kinailoti. Warangi na Wambugwe husema lugha za Kibantu. Nao Wasandawe na Wahadzabe wana lugha zenye sauti za kidoko, ambazo wenye elimu hawajathibitisha kwamba zina undugu hata zenyewe kwa zenyewe. Katika Afrika nzima ni vigumu kupata mahali pengine pa namna hii. Tena lugha hizi zimekaa ujirani muda mrefu. Kirangi, kwa mfano, ni Kibantu halisi, lakini katika kutaja mambo yajayo hutanguliza kitenzi chenyewe, kisha hukifuatisha kisaidizi, kinyume cha desturi ya ndugu zake wengi. Na wako wataalamu wanaodhani kwamba desturi hiyo ilitokana na kukaa karibu na wasemao Kikushi. Kama vile mwambani rangi imelala juu ya rangi, ndivyo na katika vinywa vya watu.

Kwa kawaida wenye elimu husema kwamba picha nyekundu ni kazi ya wawindaji waliokuwa wakikaa nchi hii kabla ya wakulima na wafugaji, watu wa jamii ya Wasandawe na Wahadzabe; na kwamba nyeupe, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya wakulima waliokuja nyuma. Habari zake zilianza kuandikwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. Bwana Bagshawe, ofisa wa Serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya picha hizo mwaka wa 1923. Mwaka wa 1929 Bwana Nash, aliyekuwa akichunguza habari za mbung'o, alitoa taarifa ya picha alizoziona karibu na Kondoa. Mwaka wa 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikaa miezi mitatu wakizinakili. Waliorodhesha mahali 186 penye picha, na katika mahali 43 walinakili picha zipatazo 1,600. Kitabu cha Mary Leakey juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka wa 1983. Kabla ya hapo, mwaka wa 1979, Mtanzania Fidelis Masao alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake juu ya picha hizi na watu wa zama za mawe katika Tanzania ya kati. Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba maandiko hayo yote si ugunduzi. Wenyeji walizijua picha tangu zamani, nao ndio waliojua njia ya kufikia mapango.

Sasa juu ya umri. Mwaka wa 1956 Bwana Inskeep alichimba katika pango la Kisese, lililo katika vilima hivyo hivyo. Alikuta tabaka juu ya tabaka za mawe yaliyochongwa, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipande vya udongo mwekundu wa kupakia. Vipimo vilivyofanywa baadaye vyaonyesha kwamba tabaka za chini zapita miaka 40,000. Lakini mwalimu na awe mwangalifu anapowaambia watoto habari hii. Udongo mwekundu uliofukiwa waonyesha kwamba watu walitumia rangi zamani hizo. Hauonyeshi kwamba picha tuionayo ukutani leo ilichorwa siku ile. Mtu huweza kujipaka rangi mwilini, au kupaka ngozi na vyombo vyake. Kusema “miaka elfu kadha” ni kusema kweli. Kutaja mwaka maalumu ni kubuni.

Maana ya picha nayo ilitafutwa kwa njia mbili: kwa kutazama, na kwa kuuliza. Huko Kolo iko picha yenye sifa kubwa, ya watu watano wembamba. Wa katikati ameshikwa mikono, wawili wako upande huu na wawili upande huu. Mary Leakey alipoitazama aliona kama mwanamke anayenyang'aniwa. Lakini Eric ten Raa alikwenda kukaa na Wasandawe, akajifunza mambo yao, na mwaka wa 1971 akaandika kwamba uchoraji ulikuwa bado katika kumbukumbu za watu: wengine walichora kwa kujifurahisha tu, wengine kwa ajili ya mawindo, wengine katika matambiko ya ukoo penye vilima vya wazee wao. Alieleza pia ngoma yao ya uganga iitwayo simbo, ambayo mchezaji hugeuka kuwa kama simba. Mwaka wa 1986 mtaalamu wa Afrika Kusini, David Lewis-Williams, alishika habari hizo akasema kwamba huenda baadhi ya picha za watu zaonyesha mambo ya ngoma hiyo, wala si ugomvi. Sisi hatutaamua baina yao. Lakini na ionekane jambo hili: aliyetazama tu alipata hadithi moja, na aliyewauliza wenyeji alifungua mlango ambao macho peke yake yasingaliufungua.

Hapa ndipo tunapofika penye shida yenyewe. Karibu na Kolo pana mahali paitwapo Mongomi wa Kolo, penye picha nzuri kuliko nyingi. Warangi walio wengi ni Waislamu, na wengine ni Wakristo. Hata hivyo mahali hapo wako watu waendao kuomba mvua na kutafuta uponyaji, kama walivyofanya wazee wao. Katika matambiko hayo pombe ya nafaka hunyunyizwa mwambani. Pombe hiyo huacha alama juu ya picha na kuzififiza. Je, mlinzi afanye nini? Akikataza tambiko, ameokoa rangi na kuvunja desturi ambayo kwa ajili yake watu waliheshimu mwamba miaka mingi, wasiugeuze zizi la mbuzi wala machimbo ya mawe. Akiliacha, desturi itaendelea na picha itatoweka.

Serikali imejaribu njia zake. Mwaka wa 1937 mahali hapa pa Kondoa paliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya kumbukumbu za kale, na sheria nyingine ya mambo ya kale ilifuata mwaka wa 1964. Mapango mengine yalizungushiwa nyua za miti na nyavu za chuma. Baada ya muda watu walizibomoa, wakachukua miti na chuma kwa matumizi yao. Sheria haikuwazuia pia wale wachimbao sakafu za mapango usiku, kwa kuamini uvumi kwamba Wadachi walificha mali humo wakati wa vita. Kila shimo lao lapindua tabaka ambazo Bwana Inskeep alizisoma kwa uangalifu mkubwa. Kisha mwaka wa 2006 shirika la UNESCO liliziandika picha za Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Katika kueleza sababu, shirika lilitaja picha, lilitaja pia matambiko ya mvua na uponyaji yanayoendelea. Basi dunia yenyewe imekiri kwamba mwamba na watu wake ni urithi mmoja.

Wengine husema, “Na pafanywe hifadhi ya taifa, watu wakae mbali.” Twaelewa shauri hilo. Mto Tarangire hutoka katika nchi hii ya juu ya Kondoa ukaenda kaskazini, na hifadhi ya taifa yenye jina lake ilianzishwa mwaka wa 1970. Huko msafiri aweza kuwaona tembo, twiga na pofu wakiwa hai, wale wale waliochorwa juu ya vilima mtoni unakotoka. Pasipo hifadhi huenda tungebaki na picha tu. Lakini Kondoa imekwisha kuona upande wa pili wa ulinzi wa namna hii. Nchi ilipoharibika kwa makorongo, Serikali ilianzisha mwaka wa 1973 kazi ya kuhifadhi ardhi iitwayo HADO, na mwaka wa 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu zilizoharibika. Miti na majani vilirudi, hilo halikanushwi. Lakini mwenye ng'ombe ndiye aliyelipa gharama, akalazimika kuwapeleka mbali au kuwaacha. Mti ukikatwa huchipuka tena hata kama mwenyeji amekwenda. Maana ya picha haichipuki. Mwenyeji akiondolewa, au akionewa haya mpaka akanyamaza, maneno yake huondoka pamoja naye, na mwamba hubaki bubu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Picha hazitalindwa na uzio peke yake, wala na sheria peke yake. Zitalindwa na watu wa Kolo, Pahi, Kisese na vijiji vingine, wakiketi pamoja na walinzi wa Serikali na kupatana: ni wapi pombe itamwagwa, mbali kidogo na picha, ni nani atakayeongoza wageni, na faida yao iingie mfuko gani. Mapatano hayo yatachukua muda mrefu, maana wazee hawapatani kwa siku moja. Lakini neno ambalo wazee wamelikubali hulindwa hata pale asipokuwapo askari.

Nasi walimu na mapadre tuna sehemu yetu, tena tuna deni. Mara nyingi tulipoambiwa habari za miamba hii tulijibu kwa neno moja, “ushenzi,” mazungumzo yakaisha. Si lazima mtu aliamini tambiko ndipo alisikilize. Mwalimu wa Irangi, au wa Gehandu, au wa Kwa Mtoro kwa Wasandawe, na achukue daftari aende kwa wazee. Aandike jina la kila kilima kwa lugha ya mahali, na jina la kila mnyama aliyechorwa, na maneno ya mvua na ya uganga, na habari ya nani alikatazwa kufika wapi, na kwa nini. Aandike kama alivyoambiwa, asisahihishe. Kisha awafundishe watoto mambo machache: wasiandike majina yao mwambani, wasimwagie picha maji ili rangi ing'ae mbele ya mgeni, kwa kuwa kila maji huondoa kitu, wasichimbe, nao wachungaji wadogo wasiwaache mbuzi wajikune penye picha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mchoraji wa kwanza hakutuachia jina lake, wala neno hata moja la lugha yake. Lakini wale waliomfuata, kizazi baada ya kizazi, waliuacha mwamba wake ukisimama mpaka ukatufikia. Zamu sasa ni yetu, na wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka.