Vurra: Namna ya kurekodi video ya ndege wa porini kwa kamera ya picha mnato, na kunasa sauti yao ipasavyo

Kamera ya picha mnato ikishikwa na mtu mwenye subira huweza kutoa video nzuri ya ndege. Udhaifu wake ni sauti. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera hunasa mtetemo wa lenzi, vidole vya mpigapicha na pikipiki inayopita barabarani, huku wimbo wa ndege ukisikika kwa mbali. Makala haya yanawaeleza wasikilizaji wetu wa Vurra, Arua na Koboko namna ya kutenganisha kazi hizo mbili, kisha kuziunganisha.

Kwa nini sauti ina uzito

Katika karne ya 19, ndege wa eneo hili walifahamika Ulaya kupitia ngozi zilizokaushwa. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta aliyeweka makao yake Wadelai, kando ya Nile, katika miaka ya 1880, alikusanya ndege wengi na kuwapelekea wataalamu wa Ujerumani na kwingineko. Ngozi ilionyesha rangi na vipimo, lakini haikuweza kueleza jinsi ndege alivyolia.

Baadaye Myles North, afisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya, alizunguka na vinasa sauti vizito vya wakati wake. Santuri yake ya sauti za ndege wa Afrika ilitolewa na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1958. Leo kifaa cha kazi hiyo hutosha mfukoni.

Hata hivyo, watazamaji wengi wa ndege wanaozuru Uganda huelekea Bwindi, Mabamba au Murchison. Vichaka vya mpakani, mabonde ya mito na miembe ya nyumbani huachwa kwa wenyeji. Kichaka kikifyekwa kwa ajili ya shamba, kuni au mkaa, ndege waliokuwamo huondoka, na kama hakuna aliyewarekodi, hapabaki ushahidi kwamba waliwahi kulia hapo. Kwa ndege wanaojificha majanini, sauti ndiyo huwa ushahidi pekee. Dudumizi ni mfano mzuri: mlio wake, unaofanana na maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, husikika mara nyingi kuliko yeye anavyoonekana.

Kuitayarisha kamera

Kamera za picha mnato zenye kioo cha ndani zilianza kurekodi video mwaka 2008, kwa Nikon D90 na baadaye mwaka huohuo Canon 5D Mark II. Kamera ya miaka hiyo, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, bado inafaa kwa kazi hii.

Jambo la kwanza ni uthabiti. Lenzi ndefu hukuza ndege, na pia hukuza kila mtikisiko wa mkono. Lenzi ya milimita 300 kwenye kamera yenye kihisi kidogo huona kama lenzi ya takriban milimita 450, hivyo haishikiki kwa mkono. Tumia kiegemeo cha miguu mitatu, au mfuko mdogo uliojazwa mchanga au maharage, uulaze juu ya jiwe au kisiki, na kamera iketi juu yake.

Jambo la pili ni kasi ya shata. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, anza na shata ya 1/50, ambayo hufanya mwendo uonekane wa kawaida. Ukitaka mabawa yaonekane wazi, ongeza kasi, ukijua kwamba picha itahitaji mwanga zaidi.

Jambo la tatu ni fokasi. Usiiachie kamera itafute fokasi yenyewe wakati wa kurekodi, kwa maana huhangaika kati ya ndege na matawi, na mota yake huingia kwenye sauti. Chunguza kwanza. Keremkerem na mdiria hurudi mara kwa mara kwenye tawi lilelile baada ya kukamata mdudu. Weka fokasi kwa mkono kwenye tawi hilo, kisha subiri.

Jambo la nne ni kioo cha nyuma. Kamera yenye kioo cha ndani inaporekodi, tundu la kuchungulia huwa giza, na picha huonekana nyuma ya kamera tu. Katika jua la Desemba hadi Februari hutaona kitu. Jifunike kitenge kichwani pamoja na kamera: kitakupa kivuli na kitapunguza umbo la mtu linalowatisha ndege.

Rekodi vipande vifupi vya dakika moja hadi tatu. Kamera nyingi za zamani hukata faili linapofikia gigabaiti 4, nyingine husimama kabla ya dakika 30, na joto huzizima.

Kunasa sauti

Kanuni kuu ni ukaribu. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya maikrofoni na ndege, sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za mbali hubaki palepale. Maikrofoni ya bei nafuu iliyo mita tatu kutoka kwenye tawi itaishinda ya bei kubwa iliyo mita thelathini.

Kwa hiyo weka kinasa sauti kidogo, au simu, chini ya mti kabla ndege hawajaamka, kiwashe, kisha urudi kwenye kamera yako. Kivike kitu cha kuzuia upepo, kama sponji lililofunikwa kitambaa chenye manyoya. Upepo hafifu usioutambua sikioni husikika kama ngurumo kwenye rekodi.

Chagua faili la WAV badala ya MP3, lenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kama kifaa kinaruhusu. Zima mfumo unaorekebisha kiwango cha sauti wenyewe: kukiwa kimya huinua mchakato wa kifaa hadi ukasikika kama mvua ya mbali, na ndege anapolia huishusha sauti ghafla. Weka kiwango kwa mkono ili milio mikali ifike karibu na desibeli 12 chini ya kilele. Jaribu kwanza ukiwa umevaa visikizio.

Wenye sahani ya kukusanyia sauti wafahamu mpaka wake. Sahani ya nusu mita hufaa kwa milio ya juu, kama ule wa mdiria. Kwa sauti nzito haisaidii sana, kwa sababu wimbi la sauti nzito ni pana kuliko sahani yenyewe. Mumbi, yule hondohondo mkubwa atembeaye ardhini, hunguruma kwa sauti ya chini. Kwake tumia maikrofoni ya kawaida, tena uzime kichujio cha sauti nzito, la sivyo utamchuja yeye mwenyewe.

Wakati bora ni alfajiri. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, na ndege huanza kuimba kabla ya hapo. Anza kurekodi saa kumi na moja na nusu, kabla ya malori ya mpakani, bodaboda na mashine za kusaga. Majogoo hayazuiliki, chagua mti ulio mbali na boma.

Kuunganisha picha na sauti

Mwanzoni mwa kila rekodi, piga kofi moja karibu na kinasa sauti, mahali ambapo kamera inakuona. Baadaye, katika programu ya kuhariri, linganisha picha ya viganja vinavyokutana na mlio uliomo kwenye kinasa sauti. Usilinganishe na sauti ya kamera. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kamera iliyo mita 100 kutoka hapo husikia kofi baada ya theluthi moja ya sekunde hivi, sawa na fremu saba au nane. Mdomo wa ndege ungefunguka na wimbo ungechelewa.

Pia angalia saa ya simu. Mpaka wa Vurra hufuata mgongo wa nchi unaogawanya maji ya Nile na ya Kongo, na upande wa Aru, nchini Kongo, saa iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Simu inayojipangia saa yenyewe ikishika mtandao wa ng'ambo hubadilika bila kukuarifu, na rekodi ya saa moja huandikwa kuwa ya saa kumi na mbili. Panga saa kwa mkono kwenye kamera na kwenye simu.

Kabla ya kuzima kinasa sauti, tamka tarehe, saa, kijiji, hali ya hewa na ndege alikuwa akifanya nini. Mtaje pia kwa jina lake la Kilugbara, Kikakwa au Kiaringa kama walijuavyo wazee. Jina hilo ni sehemu ya kumbukumbu, nalo hupotea kama mlio unavyopotea.

Adabu na usalama

Mtu mwenye lenzi ndefu karibu na mpaka huzua maswali. Mweleze mwenyekiti wa LC1 kabla ya kuanza, omba ruhusa ya mwenye shamba, na usielekeze kamera kwenye kituo cha forodha, askari au kambi. Katika hifadhi kama Ajai, wasiliana kwanza na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Usimchezee ndege rekodi ya sauti yake ili umvute, hasa wakati wa kutaga. Hudhani mpinzani amevamia, akaacha mayai na kuhangaika bure. Usikate matawi kufichua kiota: jua na mwewe watamaliza ulichoanza.

Pa kuhifadhi

Weka nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, na uhifadhi faili halisi kabla ya kuhariri. Sauti zaweza kutumwa bure katika hifadhi ya mtandaoni ya xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, na video katika Maktaba ya Macaulay ya Chuo Kikuu cha Cornell. Zote hupokea kazi za watu wa kawaida, na xeno-canto hupokea sauti hata kama jina la ndege bado halijulikani, maana wasikilizaji wengine husaidia kumtambua. Sharti ni kwamba mahali na tarehe viwe sahihi. Rekodi ya dudumizi isiyo na tarehe ni burudani. Yenye tarehe na jina la kijiji ni ushahidi kwamba Vurra ilikuwa na kichaka, na kichaka kilikuwa na mwenyewe.