Safari ya mtoto njiti kutoka hospitalini kwenda nyumbani: mambo ya kuzingatia ndani ya gari

Na Mwandishi Wetu, Kyerwa

Wazazi na walezi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati wanakumbushwa kupanga usafiri wa kurudi nyumbani kabla ya siku ya kuruhusiwa, na kuujadili na muuguzi wa wodi kama wanavyojadili unyonyeshaji na dawa. Kwa mtoto njiti, saa chache za barabarani ni sehemu ya matibabu yake.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Kata ya Mabira, iliyokuwa Wilaya ya Karagwe kabla ya Wilaya ya Kyerwa kuanzishwa mwaka 2012. Mtoto aliyepewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba hurudi kwa safari inayozidi kilomita 100. Kipande cha Kyaka hadi Bugene kina lami, lakini njia nyingi za kuingia vijijini ni za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa mvua. Asubuhi na jioni za nyanda hizi huwa na baridi.

Kwa nini njiti yuko hatarini zaidi

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, shingo haina nguvu na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Akikaa kwa kujikunja, kidevu huangukia kifuani na hewa ikazibwa bila yeye kulia. Aidha, sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji haijakomaa, hivyo anaweza kusimamisha pumzi kwa sekunde 20 au zaidi. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kwa sababu hiyo hupoteza joto upesi.

Hatari ya pili ni ajali. Gari linaposimama ghafla kwa kugongana, mtoto wa kilo 2 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 20. Hakuna mikono inayoweza kumshikilia, hata ya mama mwenyewe.

Kiti cha mtoto cha gari

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa viti maalumu vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za barabarani kwa hadi asilimia 71. Familia yenye uwezo wa kupata kiti hicho, kwa kununua au kuazima, izingatie yafuatayo:

1. Kiti kiwe cha mtoto mchanga, na uzito wa chini ulioandikwa juu yake ulingane na uzito wa mtoto siku hiyo.

2. Kifungwe siti ya nyuma, uso wa mtoto ukielekea nyuma ya gari. Kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa.

3. Kiegemezwe kiasi cha kuzuia kichwa kuangukia mbele.

4. Mikanda ibane mwili vizuri. Blanketi lifunikwe juu ya mikanda, lisiwekwe chini yake wala nyuma ya mgongo wa mtoto. Khanga zilizokunjwa zinaweza kuwekwa pande zote mbili ili asiegemee upande.

5. Mtu mzima akae kando yake akimtazama. Mkifika, mtoto aondolewe kitini. Kiti hicho si kitanda.

Nchini Marekani, madaktari wa watoto hupendekeza njiti awekwe kwenye kiti chake akiwa bado hospitalini kwa dakika 90 hadi 120, au kwa muda wa safari ikiwa ni ndefu zaidi, huku pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni vikipimwa.

Pasipokuwa na kiti

Familia nyingi husafiri kwa gari la kukodi, Noah au mchomoko. Katika hali hiyo, njia inayolinda joto na pumzi ya mtoto ni ile aliyoizoea wodini: kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, maarufu kama kangaroo. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na leo inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto njiti. Hata hivyo, haichukui nafasi ya kiti wakati wa ajali. Kwa sababu hiyo, mwendo wa dereva ndio kinga iliyobaki.

Mama akae siti ya nyuma na afunge mkanda wake mwenyewe, upite chini nyononi. Mkanda usimzungushe mtoto, kwa kuwa mwili wa mama unaweza kumkandamiza. Mtoto awe wima, kichwa kimegeuzwa upande, kidevu kimeinuka kidogo, pua na mdomo vikionekana muda wote. Avae kofia na soksi. Mama anaweza kumwomba muuguzi amwangalie mtoto akiwa katika mkao huo kabla ya kuondoka.

Gari lisijazwe abiria kupita kiasi na mtu yeyote asivute sigara ndani. Safari ianze mchana, mtoto akiwa amenyonya. Ikizidi saa moja, gari lisimamishwe mahali salama ili akaguliwe, na anyonyeshwe gari likiwa limesimama.

Bodaboda haifai kwa safari hii. Mbali na vumbi, baridi na mitikisiko, kanuni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zinakataza kumpakia mtoto mwenye umri chini ya miaka 9. Ikiwa gari haliwezi kufika nyumbani, ni heri kumalizia kwa miguu, mtoto akiwa kifuani.

Dalili za hatari njiani

Simamisheni gari na mwelekee kituo cha afya kilicho karibu mkiona mojawapo ya haya:

- midomo au ulimi kuwa wa bluu;
- pumzi kusimama, au kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika;
- kifua kubonyea ndani anapopumua;
- mwili kulegea, kutoamka au kukataa kunyonya;
- degedege;
- tumbo na miguu kuwa baridi, au joto kuzidi nyuzi 37.5.

Pumzi ikisimama, nyoosheni shingo yake kidogo na msugue mgongo au nyayo taratibu huku mkiomba msaada. Kwa dharura ya mama aliyejifungua au mtoto mchanga, pigeni simu namba 115 ya mfumo wa M-mama, bila malipo.

Kabla ya kutoka wodini, hakikisheni mnayo kadi ya kliniki, tarehe ya kurudi na namba ya simu ya kituo kilicho karibu na nyumbani.