Una filamu yako? Yajue haya kabla ya kuipeleka ZIFF

Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ambalo wengi wanaliita ZIFF tu, lilianzishwa mwaka 1997 na la kwanza likafanyika 1998. Jina lake jingine ni Tamasha la Nchi za Jahazi, na hapo ndipo mada yake ilipo: Afrika, Ghuba, India na visiwa vya Bahari ya Hindi, kote ambako majahazi yalifika kwa upepo wa kaskazi na kusi. Tuzo kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu.

Filamu huoneshwa usiku, nje kabisa, ndani ya Ngome Kongwe iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatimua Wareno. Mwaka 2017 pazia lilifunguliwa na T-Junction, kazi ya Mtanzania Amil Shivji.

Tamasha likitangaza kaulimbiu ya mwaka, usibandike tu neno lake kwenye maelezo ya filamu yako ya zamani. Wachaguzi hutazama kazi nyingi mno, watakushtukia mapema. Eleza kwa sentensi mbili hadithi yako inagusa wapi.

Matamasha mengi hupokea filamu kupitia FilmFreeway. Unajaza taarifa mara moja, unaweka video yenye nywila, kisha unachagua tamasha. Angalia ada: ukichelewa, mara nyingi inapanda. Kama wahusika wanaongea Kiswahili, weka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha.

Kamera isikutie presha. Tangerine ya Mmarekani Sean Baker ilirekodiwa kwa iPhone 5s na ikaoneshwa Sundance mwaka 2015. Sauti ndiyo ya kuangalia, maana kwenye spika kubwa kila kelele ya upepo inasikika.

Balaa lenyewe ni muziki. Kuchomeka ngoma ya Bongo Fleva kwa sababu msanii ni mshikaji wako hakutoshi. Ukituma filamu unathibitisha kuwa haki zote unazo, na wimbo una haki za mtunzi na za aliyerekodi. Ruhusa iwe ya maandishi, la sivyo filamu inaweza kuondolewa hata ikiwa imeshachaguliwa.

Na usikimbilie kuipandisha YouTube. Yapo matamasha yanayokataa filamu ambayo watu wameshaitazama mtandaoni bure, na kuifuta baadaye hakusaidii.