Ndege ya Amelia Earhart: Ushahidi Uliogeuka Mwamba

Huku Kashaulili mtu akipotelea porini, watu hufuata nyayo. Sasa aliyepotelea baharini na ndege yake utafuata nini?

Amelia Earhart, rubani wa Marekani, ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege, mwaka 1932. Juni 1937, akizunguka dunia na mwelekeza njia wake Fred Noonan, alikatiza Afrika yetu: Khartoum, kisha Massawa na Assab kule Eritrea. Julai 2 akaruka kutoka Lae, New Guinea, kwenda kisiwa kidogo cha Howland. Hakufika.

Ushahidi wa kwanza ni redio. Meli ya Itasca iliyomsubiri Howland ilimsikia vizuri tu, ila yeye hakusikia sauti zao. Maana yake alikuwa karibu, na mafuta yanaisha.

Mwaka 1940 mifupa ikaokotwa kisiwa cha Nikumaroro. Daktari akaipima, akasema ni ya mwanaume. 2018 mtaalamu Richard Jantz akarudia vipimo vile kwa kompyuta, akasema vinaendana na Amelia. Wahakiki mifupa yenyewe? Ilishapotea kitambo!

Januari 2024 ikaja picha ya sona, umbo kama ndege kabisa chini ya bahari. Dunia ikashangilia. Walipoirudia kwa karibu mwaka huohuo, kumbe mwamba.

Kwa hiyo ukikutana tena na "ndege ya Amelia yapatikana", kabla hujashea uliza kwanza: nani kaigusa, nani kaipima?