Kikohozi cha Mwaka Gani?

Bibi jirani yangu hapa kambini alipokutwa na kifua kikuu, watu waliacha kukaa mkekani pake. Mkamwana wake akalaumiwa: ati ndiye aliyeuleta ugonjwa, kwa sababu hushinda sokoni. Kumbe kikohozi cha mzee kinaweza kuwa na historia ndefu kuliko kambi yenyewe.

Robert Koch alitangaza kijidudu cha ugonjwa huu huko Berlin tarehe 24 Machi 1882. Si uchawi, wala si cha ukoo. Lakini kina tabia moja mbaya: kinaweza kulala mwilini miaka hata 40, bila kumuumiza mtu wala kuambukiza wengine. Uzee ukifika, au ugonjwa wa sukari, au njaa ya muda mrefu, kinga inalegea, kinaamka. Wapo wazee wanaoambukizwa hapa hapa, ni kweli, ila si wote.

Sasa piga hesabu. Aliyevuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka 20, leo amepita 70. Ujanani mwake tiba ilikuwa sindano na vidonge kwa mwaka mzima au zaidi, na wengi waliacha njiani. Hospitali ya Kibong'oto ilipokea wagonjwa wa kifua tangu 1926, lakini Kilimanjaro na Kigoma, wapi na wapi! Miaka ya 1970 majaribio ya hapa Afrika Mashariki yakaonyesha kwamba rifampisini inafupisha tiba hadi miezi 6. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa daktari Karel Styblo, na nchi nyingi zikaja kujifunza kwake.

Dawa ipo, basi. Kinachotuchelewesha ni macho yetu. Mzee mwenye TB pengine hakohoi sana wala hatoi damu. Anakonda, chakula hakimpiti, jioni ana homa kidogo, nasi tunasema "ni uzee tu". Na usiku analala chumba kimoja na wajukuu. Ndugu wahudumu, mkipita nyumba kwa nyumba msiulize kikohozi peke yake. Ulizeni pia kama nguo zimeanza kumpwaya.

Bibi yuko mwezi wa 4 wa dawa. Kwa kawaida, baada ya wiki chache za dawa mgonjwa haambukizi tena, tumewaeleza majirani. Mpaka jana, mkekani walikaa yeye na mkamwana wake tu.