Gari yako imeongezeka nguvu kweli au ni mlio tu? Pima hivi

Umefunga ekzosi ya mlio mzito kwenye IST yako, fundi akakuwekea na filta mpya ya hewa, na ukitoka gereji unahisi gari inapaa. Masikio yanadanganya. Mlio ukikua, mwendo uleule unauona mkubwa.

Kipimo cha uhakika ni dainomita: gari inapandishwa juu ya mapipa ya chuma, tairi zinayazungusha, nguvu inasomeka kwenye skrini. Usishtuke namba ikiwa ndogo kuliko ya kiwandani. Kiwanda hupima injini yenyewe, mapipa yanasoma kilichobaki baada ya giaboksi na tairi kula sehemu yake. Cha kuangalia ni tofauti ya kabla na baada, kwenye mashine ileile.

Huna dainomita? Simu inasaidia. Weka programu inayorekodi muda kwa GPS, tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu, inayoruhusu mwendo wa 80. Simu ashike mwenzako, sio wewe. Kanyaga mafuta hadi mwisho kutoka 40 mpaka 80, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, upepo na mteremko visikuharibie hesabu. Abiria walewale, mafuta kiasi kilekile, muda uleule wa siku. Na ufanye hivyo kabla hujaenda kwa fundi! Wengi tunakwama hapa. Ukishafunga kifaa, huna tena cha kulinganisha nacho.

Tuseme kabla ulipata kati ya sekunde 7.8 na 8.3, na baada ya hapo 7.9 hadi 8.2. Umenunua mlio.

Usilinganishe pia Dar na Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda.

Kuhusu filta, mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu magari ya kisasa ya petroli yakiwa na filta zilizoziba, kisha safi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, ila yenye filta safi yalichanganya haraka zaidi. Lakini hiyo ni nguvu iliyopotea kurudi, sio mpya. Plagi nazo ni hivyohivyo. Kwa hiyo weka kwanza filta mpya ya kawaida, pima, ndipo ufunge ile ya bei mbaya na upime tena. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, hata fundi akikuambia anakufanyia vyote kwa bei ya jumla.