Pori Lisilokuwa Tupu: Mpango wa Karanga wa Nachingwea na Mizizi ya Distopia katika Fasihi ya Kiswahili

Wahakiki wa bunilizi za kisayansi za Kiswahili aghalabu huanzia kwenye Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo mhukumiwa anarushwa angani ili afe, au Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo aliyekufa anarudi kuwahoji walio hai kuhusu nchi waliyoiuza. Makala haya yanapendekeza kuanzia mapema zaidi: Nachingwea, mwaka 1947. Hoja yetu ni kwamba kabla distopia haijawa riwaya kwetu, ilikuwa waraka wa serikali.

Mwaka 1946, Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliishauri serikali ya Uingereza, iliyokabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilime karanga Afrika kwa mashine. Tume ya John Wakefield ilikagua ardhi kwa wiki tisa, sehemu kubwa ikiitazama kutoka kwenye ndege. Waraka uliofuata mwaka 1947 ulichora mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Zaidi ya nusu yalipangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'olea miti. Mwaka 1948 kazi ilihamishiwa kwenye shirika la umma, Overseas Food Corporation. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Bandari ya Mtwara ilibaki. Reli ya kwenda Nachingwea ilifungwa mwaka 1962.

Wanahistoria wamekwisha kueleza kwa kina sababu za anguko hilo: mvua, udongo, vipuri, haraka. Kinachotuhusu sisi wanaisimu ni neno moja: pori. Wapangaji waliichukulia ardhi hiyo kuwa karibu tupu. Kwa mkulima wa Kimwera, hata hivyo, sehemu ya pori hilo ni shamba lililopumzishwa. Sehemu nyingine ni mahali pa asali, dawa na matambiko. Tena, palipokuwa na watu wachache kweli, uchache huo ulikuwa na historia. Katika Vita vya Majimaji (1905–1907), jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala kusini, njaa ikaua wengi kuliko risasi, na mbung'o wakatanda palipoachwa. Basi tume haikukuta utupu wa asili. Ilikuta kaburi, ikalisoma kama ukurasa mtupu.

Hapo ndipo distopia inapozaliwa. Kiini chake si mashine. Ni wakati ujao unaoandikwa na watu wasiotarajia kuishi ndani yake, juu ya watu wasioulizwa. Kwa kigezo hicho, waraka wa 1947 ni bunilizi ya kisayansi iliyopewa bajeti: una teknolojia, una kampuni, una sayari ngeni inayosubiri kukaliwa. Tofauti yake na Walenisi imo kwenye jina la riwaya hiyo, ambalo likitenganishwa husomeka "wale ni sisi". Mkangi anamlazimisha msomaji kujitambua katika wageni wa angani. Waraka haukuwatambua hata wenyeji wa ardhini.

Swali hili halijapitwa na wakati. Katika Wilaya ya Ruangwa, iliyomegwa kutoka Nachingwea, kampuni zinawekeza katika madini ya kinywe, yanayotumika katika betri za magari ya umeme. Hatudai kwamba historia itajirudia: sheria ya sasa inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika miradi ya aina hiyo, na wananchi wana wawakilishi wao. Tunadai jambo dogo zaidi. Mipango ya maendeleo nayo ni matini, na mhakiki aliyezoea kuuliza ni nani anayesimulia, na ni nani aliyenyamazishwa, asiwaachie wahandisi peke yao kazi ya kuisoma.